Harakati za Iran zina wenyewe

Mhariri,

Kila Iran inapotajwa katika safu hii, wasomaji wenzangu hugawanyika. Wapo wanaosema kila anayeandamana Tehran ametumwa na Marekani, na wapo wanaoamini kwamba Wairani wanangoja kukombolewa na ndege za kivita za kigeni. Nawapinga wote, kwa kuwa wote wanawapokonya Wairani historia yao.

Mwaka 1890 Shah (mfalme) Naser al-Din alimpa Mwingereza mmoja haki ya pekee ya kununua na kuuza tumbaku yote ya nchi. Wafanyabiashara wa sokoni wakaungana na masheikh, ikatoka fatwa kwa jina la mwanachuoni mkubwa Mirza Shirazi ya kuharamisha uvutaji, watu wakaweka viko chini. Kufikia 1892 mkataba ulikuwa umefutwa. Mwaka 1906, huku kwetu Vita vya Maji Maji vikiendelea, Wairani walimbana Shah Mozaffar al-Din mpaka akakubali katiba na bunge. Hakuna aliyewatuma.

Nani basi alilizima bunge hilo? Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zilikubaliana kuigawa Iran katika maeneo ya ushawishi bila kuwauliza wenye nchi. Mwaka uliofuata Liakhov, kamanda wa Kirusi aliyeongoza kikosi cha Makosaki cha Shah Mohammad Ali, alilipiga bunge kwa mizinga. Watu wa mji wa Tabriz, waliosimama na katiba, walizingirwa na kushinda njaa, lakini hawakusalimu amri. Mwaka 1909 wapigania katiba waliingia Tehran, wakamwondoa Shah, bunge likarudi. Mwishoni mwa 1911 Urusi, Uingereza ikiiunga mkono, ikataka afukuzwe Morgan Shuster, Mmarekani ambaye Iran yenyewe ilimwajiri asimamie hazina yake. Wabunge wakakataa. Bunge likafungwa.

Ya Waziri Mkuu Mossadegh yanajulikana zaidi: alitaifisha mafuta 1951, na Agosti 1953 akapinduliwa kwa mkono wa majasusi wa Marekani na Uingereza.

Utawala uliopo tangu 1979 umeigeuza kumbukumbu hiyo kuwa rungu la kuwapigia raia wake. Mir Hossein Mousavi alikuwa waziri mkuu kwa sehemu kubwa ya miaka ya vita na Iraq. Baada ya maandamano ya 2009 ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais aliitwa mchochezi, na Februari 2011 akawekwa kizuizini nyumbani pamoja na mkewe, Zahra Rahnavard. Wasichana waliovua hijabu barabarani mwaka 2022, baada ya Mahsa Amini kufia mikononi mwa polisi wa maadili, nao wakaambiwa ni vibaraka. Wairani wanamjua kibaraka akoje: Mujahedin-e Khalq, kundi la wapinzani wenye silaha, walipiga kambi Iraq na kupigana upande wa Saddam, na wengi nyumbani hawajawasamehe mpaka leo.

Na wanaotarajia mabomu yalete uhuru waitazame Evin, gereza wanamofungwa wapinzani wa serikali. Israel ililipiga tarehe 23 Juni 2025. Waliokufa ni pamoja na wafungwa na jamaa waliokwenda kuwaona.

Mhariri, gazeti lako linatuletea kila kauli ya Washington na ya Kiongozi Mkuu. Naomba mtuletee pia habari za madereva wa mabasi wa Tehran waliofungwa kwa kuunda chama chao, za walimu wanaogoma, na za wastaafu wanaoandamana kudai mafao.

Msomaji wako,
Tanga