Tazameni miguu yangu: salamu za Pasaka kutoka Louisville

Kristo amefufuka, haleluya! Najua mnaitikia huko huko mliko, hata aliye jikoni na mwiko mkononi.

Nawaandikia leo Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 2026. Nyumba imetulia, na vitenge vya jana bado vimelala kitini. Salamu hizi ni za wanaparokia wenzangu hapa Louisville, Kentucky, wa ibada ya Kiingereza ya saa nne asubuhi na wa ibada yetu ya Kiswahili ya saa saba mchana. Ni zenu pia ndugu zangu wa Muheza, Kasulu, Bukavu na Bujumbura, ambao kila mwaka mnaniuliza hilo Kanisa la Episkopali ndilo lipi. Ni sisi sisi Waanglikana. Wamarekani walipojitenga na Uingereza, viongozi wa kanisa lao hawakuweza tena kula kiapo cha utii kwa mfalme, ikabidi Samuel Seabury, askofu wao wa kwanza, awekewe mikono Aberdeen, Uskoti, mwaka 1784. Jina ndilo lililobadilika. Meza ya Bwana mtaitambua mkiiona.

Jumapili ilikuwa njema, nitaifikia. Lakini mwaka huu Pasaka yangu ilianzia kwenye beseni, usiku wa Alhamisi Kuu, na hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 kinachotumika hapa kina nafasi ya kuoshana miguu usiku ule. Padri anavua joho la juu, anajifunga taulo kiunoni, viti vinapangwa mbele karibu na madhabahu. Wamarekani wanatoka mmoja mmoja, wanavua soksi, wanaketi. Sisi wa ibada ya Kiswahili tulikuwa hatusogei. Miaka mitatu mfululizo tulikaa kwenye mabenchi yetu tukiimba, na kwaya ilipomaliza, tukaimba tena ubeti wa kwanza. Halikuwa jambo la kiburi. Mtu aliyekulia kwetu hapati raha kumwona padri amepiga magoti mbele yake. Na mama mtu mzima hanyooshi mguu mtupu mbele ya kanisa zima.

Kazi yangu katika parokia hii ni kutafsiri. Padri wetu ni mama wa makamo, na mimi niliyelelewa na mapadri wanaume huko Muheza nilichukua muda kumzoea, leo simbadilishi na mtu. Kila mwaka aliniuliza kwa upole kwa nini watu wangu hawaji mbele. Nami kila mwaka nilimjibu, "Ni mila." Nilijibu hivyo kwa sababu ni jibu linalofunga maswali.

Kwaresima hii ndiyo iliyonisuta. Kila Jumatano jioni ukumbini tunakula supu na mkate, kisha padri anatoa fundisho fupi. Juma la tatu zamu ya kupika ikawa yetu. Akina mama wa Kikongo wakaleta bugali, sombe na ndagala, mimi nikaleta wali wa nazi. (Sombe ni kisamvu kile kile, wasikudanganye, ila mawese wanayotia yanakipa utamu ambao kwetu Tanga hatuna.) Watu walipokwisha kuketi, kabla hawajagusa kitu, mama mmoja akatoka jikoni na jagi la maji ya uvuguvugu, beseni, na taulo begani.

Nitamwita Mama tu, maana hapa kila mtu anamwita hivyo. Ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Alivuka Ziwa Tanganyika na watoto wadogo, akaishi miaka kumi na saba katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 na ambayo kuna watu waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao humo humo. Kiingereza chake ni cha kusalimia na kushukuru. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wazee.

Pale alikuwa ameketi mzee mmoja wa Kimarekani, mgane, mtu anayefungua milango ya kanisa kila Jumapili na ndiye pekee anayejua kuiwasha mitambo ya joto ikigoma wakati wa baridi. Alipomwona Mama na jagi, akainuka haraka ampokee mzigo. Mama akalivuta jagi kwake. "Keti, baba. Leta mikono." Nikatafsiri. Mzee akaketi, akaikinga mikono yake, kiganja juu ya kiganja, vile vile anavyoikinga kupokea Mwili wa Bwana, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Mama akamimina. Akamgeuza viganja kwa kidole chake kimoja, akamimina tena, akampa taulo. Kisha akaenda kwa aliyefuata. Aliwanawisha watu wote ukumbini, kama hamsini hivi, na beseni likamwagwa mara tatu. Chakula kilipoa, na hakuna aliyelalamika.

Padri akanijia nikiwa nimeshika sufuria. "Uliniambia ni mila," akasema. "Kumbe mnaosha!"

Sikuwa na la kujibu. Tunaosha, tena tangu utotoni. Mtoto wa kwetu hajui kuandika jina lake lakini anajua kushika birika amnawishe mgeni, na anajua aanze na nani. Kuosha hakujawahi kutushinda. Kilichokuwa kinatushinda ni kuoshwa.

Basi padri akamwomba Mama awe miongoni mwa watakaoosha miguu usiku wa Alhamisi Kuu. Mama akakubali papo hapo, kwa sharti moja: yeye ataosha, hataoshwa.

Alhamisi tarehe 2 mwezi ulikuwa mpevu, umesimama juu ya maegesho ya magari. Injili ilisomwa kwa lugha mbili, na mimi nikasoma Yohana 13 kwa Kiswahili. Mnakumbuka Petro alivyokataa: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Nimeisoma aya hii mara nyingi, lakini usiku ule neno lile, kutawadha, likanirudisha Muheza, kwa majirani zetu Waislamu waliokuwa wakiinama na makopo yao ya maji kando ya msikiti jua likizama, wakijipitishia maji miguuni kabla ya sala. Watafsiri wa Biblia yetu hawakuliogopa neno hilo, na walifanya vema, kwa kuwa kila mtoto wa pwani analijua. Na jibu la Bwana likanishika zaidi: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Shirika! Neno hilo hilo ndilo tunaloliona katika ushirika, katika kushiriki, katika Ushirika Mtakatifu wenyewe. Miaka mitatu tumeshiriki mkate mmoja na watu hawa, na usiku wa beseni tunabaki kwenye mabenchi yetu kama wapita njia.

Mama akaanza kuosha. Wa tatu akawa yule mzee wa mitambo. Akamwosha, akamkausha, akamvalisha soksi kama mtoto. Mzee akasimama, akaegemea fimbo yake, kisha akakionyesha kile kiti kwa mkono, kwamba sasa ni zamu yako. Mama akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi. "Mwambie hapana. Hii miguu haiko ya kuonyesha watu."

Nami mtafsiri nikanyamaza. Neno halikutoka. Mzee hakulingoja. Akalaza fimbo chini, akashika ukingo wa kiti, akashuka goti moja, halafu la pili, taratibu kama mtu anayeshuka mtini, na tukayasikia magoti yake. Akakaa pale chini akisubiri. Kwaya ikamaliza wimbo, na safari hii hakuna aliyeurudia ubeti. Sijui ilikuwa dakika moja au tatu. Mama akaketi. Akavua viatu vyake vyeusi vya Jumapili, akavipanga sambamba, akavua soksi, akazikunja moja ndani ya nyingine.

Visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakina ukucha. Juu ya kifundo kuna kovu refu linalong'aa, ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote niliyomjua, na sikumwuliza. Mzee akamimina maji kidogo kidogo, mkono wake mwingine umekikinga kisigino kwa chini. Hakuharakisha. Kisha akachukua taulo.

Baada yao watu wetu wakaanza kutoka kwenye mabenchi. Sikuhesabu. Nami nikaenda.

Nilipomwona yule mzee amepiga magoti nilimkumbuka Absalom Jones, ambaye kanisa hili linamkumbuka kila tarehe 13 Februari. Alizaliwa mtumwa huko Delaware mwaka 1746. Alipokwisha kuwa huru, alikuwa akisali na wenzake katika kanisa la Kimethodisti la St. George's pale Philadelphia, na siku moja, wakiwa magotini katika maombi, walijiwa wakaambiwa wainuke waondoke pale, wakavutwa. Wakatoka wote kwa pamoja. Kundi lake likajenga kanisa lililofunguliwa mwaka 1794 na kujiunga na Waepiskopali, naye akawa shemasi mwaka 1795 na baadaye padri wa kwanza mweusi wa kanisa hili. Na Waepiskopali nao walikuwa na watumwa wao, tusifiche. Ndiyo maana nasema Mzungu wa miaka themanini na ushee kupiga magoti mbele ya mama wa Fizi, katika nchi hii, si jambo dogo, hata kama yeye mwenyewe hakuwa akiwaza historia. Nadhani alikuwa akiwaza maji yasipoe.

Nilimrudisha Mama kwake kwa gari. Njia nzima kimya. Tulipofika mlangoni akasema, "Alipangusa hata katikati ya vidole." Akashuka.

Binti yake mkubwa bado yuko Nyarugusu. Alikwisha kusailiwa na kupimwa afya, akawa anasubiri tarehe ya safari, na Januari 2025 mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa. Mei mwaka huo huo Askofu Kiongozi wetu, Sean Rowe, akatangaza kwamba kanisa linamaliza ubia wake na serikali katika kazi hiyo, ubia wa karibu miaka arobaini, baada ya kutakiwa kuwahudumia Wazungu wa Afrika Kusini waliotangulizwa huku watu kama binti huyu wakiendelea kungoja makambini. Nilikubaliana na uamuzi ule, na bado naumia nikimtazama Mama. Mlioko Kasulu, mkipata nafasi, mtembeleeni yule binti. Mpelekeeni sabuni na sukari, kaeni naye kidogo.

Mkesha wa Pasaka tuliuanza Jumamosi saa mbili na nusu usiku, na huko Tanzania ilikuwa saa tisa na nusu, majogoo hayajawika. Moto uliwashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukaingia katika kanisa lenye giza. Mama alikuwa ameiegemeza simu kwenye kitabu cha nyimbo, na ndani ya simu alikuwamo binti yake, uso umeangazwa na simu yake mwenyewe, mtandao ukikatika na kurudi. Haleluya tuliyokuwa tumeifunga tangu Jumatano ya Majivu ilipofunguliwa, Wamarekani wakapiga kengele walizokuja nazo kutoka majumbani, sisi tukapiga ngoma na vigelegele, na kutoka katika ile simu kikasikika kigelegele kimoja chembamba kilichochelewa kidogo.

Jana usiku, wageni walipoondoka, nilifungua Luka 24. Wanafunzi wamekusanyika, Bwana anasimama katikati yao, nao wanadhani wameona roho. Hawapi hoja. Anawaambia, "Tazameni mikono yangu na miguu yangu." Miguu! Amelishinda kaburi, na miguu yake bado ina alama za misumari, naye anaitanguliza mbele ya rafiki zake wamtambue kwayo. Nilikuwa nikidhani ufufuko ni kurudishiwa mwili usio na doa. Naona sasa kwamba Bwana hakuyaficha makovu hata siku ya utukufu wake. Yule mama aliyesema miguu yake haiko ya kuonyesha watu alikuwa ameketi mbele yetu Alhamisi ile akifanya alilolifanya Bwana jioni ya Jumapili ya kwanza. Nimelala nayo hiyo na nimeamka nayo. Nawapa nanyi, kwa sababu najua wengi wenu mna miguu mnayoificha.

Pasaka ina siku hamsini, kwa hiyo hamjachelewa kusherehekea. Kwa walioko hapa Louisville: Jumapili ya Pentekoste ni tarehe 24 Mei. Siku hiyo ibada itakuwa moja tu, saa nne asubuhi, kwa lugha zetu zote, na chakula kitafuata ukumbini. Vaeni nyekundu, njooni na masufuria yenu na mifuniko yake. Watoto watakaobatizwa, wazazi wao wanione mapema. Na nyuma ya ukumbi tumepewa kipande cha ardhi tupande lengalenga, yaani mchicha, baridi ikiisha kabisa. Mzee amesema jembe analo, naye Mama amekwisha kwenda kukipima kwa hatua zake.

Anawasalimu. Nilimwuliza niandike nini kwa niaba yake, akafikiri kidogo, akasema: "Waambie watu ya Nyarugusu, miguu iko muzuri."