Wanaoziba mashuti nao waandikwe jamani

Mhariri, salam kutoka Ujiji, Kigoma.

Mi napenda hoki ya barafu, najua mtacheka, huku kwetu barafu tunaiona kwenye madeli ya samaki tu, ila bando likiwepo naangalia. Kinachoniuma ni hivi, habari zote za NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, ni wafungaji tu, yule anayejilaza chini kuziba shuti la kidude cha mpira mgumu kinachokuja hata kilomita 140 kwa saa jina lake hatulijui, na timu ikipungukiwa mtu kwa adhabu ndo huyohuyo anaingizwa kuteseka. Wenzetu walau wana tuzo ya Selke ya mshambuliaji anayekaba vizuri, Bob Gainey wa Montreal aliibeba mara nne mfululizo, 1978 mpaka 1981, na 1979 akawa mchezaji bora wa mtoano mzima. Na wala hakuwa mfungaji wa kutisha!

Hapa kwetu uwanja wa Lake Tanganyika ni yaleyale, kiungo mkabaji anakimbia mpaka jezi inaloa, akitolewa hakuna hata anayepiga makofi. Wapeni basi hata kakona kadogo kwenye ukurasa wa michezo.

Msomaji wenu, Ujiji