Fyuzi ya muziki wa gari ikae karibu na betri

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe mafundi wanaofunga muziki kwenye magari yetu kwamba waya mwekundu utokao kwenye betri kwenda kwenye amplifaya (kikuza sauti) lazima uwekewe fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, kwa kuwa ukichubuka njiani na kugusa bodi hakuna kingine cha kuuzuia usishike moto. Gari langu liliwekewa fyuzi kule nyuma, chini ya kiti; nilishtuliwa na harufu ya plastiki inayoungua. Vilevile, spika ya besi yenye koili mbili za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ikiungwa sambamba hubaki omu 2; omu zikipungua mzigo wa amplifaya huongezeka, na amplifaya isiyomudu mzigo huo huchemka na kujizima (kisha tunalaumu spika). Waya wa hasi nao uwe mfupi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam