Mimba iliyoharibika si mimba iliyotolewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wauguzi wenzangu, madaktari, na wale wanaotunga fomu za hospitali. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Kibaigwa wilayani Kongwa. Nilikaa leba miaka 31, na mpaka leo nikipita sokoni wananiita Sista. Ninaloliandikia ni jambo la maneno tu, lakini nimeliona kwa macho yangu likitaka kuvunja nyumba ya watu.

Mwezi wa sita, mahindi mapya yalipoanza kuingia sokoni, binti wa jirani yangu alipoteza mimba ya miezi mitatu. Ana miaka 22, mumewe hubeba magunia pale soko la mahindi. Damu ilianza usiku, akapelekwa hospitali kwa bodaboda. Huko alihudumiwa vizuri: akapimwa, akawekewa dripu, akasafishwa kizazi, na kesho yake jioni akaruhusiwa. Sina lawama na mikono iliyomhudumia. Ninachokilalamikia ni karatasi aliyorudi nayo. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa haraka, maneno ambayo sisi wa leba tunayatamka mara kumi kwa siku bila kuyasikia: inkompliti aboshen.

Nyumbani yupo shemeji yake, kijana wa kidato cha tatu. Akaichukua ile karatasi, akalitafuta neno kwenye simu, simu ikamjibu: kutoa mimba. Akamwonyesha mama yake. Mama mkwe akauliza, "Na huko hospitali walikufanya nini?" Binti kwa unyofu wake akajibu, "Walinisafisha." Mtaani kwetu "kusafishwa" ndilo neno linalonong'onwa kwa wale waliokwenda kutoa mimba kwa siri. Basi maneno mawili yakashuhudiana dhidi ya mtoto wa watu aliyekuwa bado anatokwa na damu.

Jioni ile ile ng'ombe wa mahari walianza kutajwa. Saa nne usiku aligonga mlango wangu, amejifunga kanga mbili, karatasi iko mkononi. Akaniambia, "Sista, wewe unajua kusoma mambo ya hospitali. Niambie kama nimeua." Nimezalisha wanawake wengi, na baadhi yao nimewafumba macho kwa mikono yangu hii, lakini swali lile lilinikalisha chini.

Kwa asiyefahamu: lugha ya vitabu vya udaktari hutumia neno hilo moja kwa mambo mawili. Mimba ikitoka kabla mtoto hajafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo, ambao hapa kwetu tunauhesabu kuanzia wiki ya 28, vitabu huiita aboshen, iwe imetoka yenyewe, iwe imetolewa. "Inkompliti" inaeleza tu kwamba haijatoka yote, yapo mabaki kwenye kizazi. Hakuna mahali hapo panaposema mama amefanya kitu. Kiswahili chetu kinayatenganisha mambo haya kwa herufi chache mno. Imetoka, imetolewa. Imeharibika, ameiharibu. Bibi wa Chamwino ambaye hajawahi kuingia darasani anaijua tofauti hiyo na hawezi kuikosea. Sisi tuliosoma ndio tunaiacha lugha inayotenganisha, tunaandika kwa ile inayochanganya, kisha karatasi tunampa mgonjwa aende nayo kwa wakwe. Na hii ni nchi ambayo sheria inaadhibu kutoa mimba. Binti anayeona ameandikiwa hivyo, safari ijayo akitokwa na damu ataogopa polisi kabla ya kuiogopa damu, na atabaki nyumbani.

Niliwaendea wazee wa ile familia asubuhi yake. Niliwasalimu, mbukwenyi, nikakaa kwenye kigoda nikawaeleza taratibu. Katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au hata mbili huharibika zenyewe, na nyingi ya hizo ni ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya zile zinazoharibika mapema zilikuwa na kasoro tangu kutungwa kwake, katika zile chembe zinazobeba urithi wa baba na mama. Haikuwa ndoo ya maji aliyojitwika. Haikuwa jembe, wala ugomvi wa juzi, wala jicho la mtu. Na kusafishwa kizazi ni tiba, yale mabaki yasipotoka yenyewe au damu isipokoma: yanaondolewa ili damu ikatike na kizazi kisioze. Kama wasingemsafisha, niliwaambia, leo tungekuwa tumekaa msibani. Baba mkwe alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sina jibu lake: "Sasa kwa nini hawakuandika hivyo?"

Nalileta swali lake kwako, Mhariri, kwa sababu wako waliowahi kulijibu kwa vitendo. Mwaka 1985 madaktari watatu wa Uingereza waliandika barua katika jarida la udaktari la The Lancet, wakiwaomba wenzao waache kutumia neno hilo kwa mama aliyepoteza mimba bila kutaka, watumie lile neno la kawaida ambalo wanawake wenyewe walikuwa wakilitumia majumbani. Ilikuwa barua tu kama hii yangu. Haikubadilisha mambo kwa siku moja, lakini baada ya muda madaktari wa kule waliiacha ile lugha ya zamani. Wao lugha yao wenyewe ilikuwa na tatizo, wakairekebisha. Sisi yetu haina tatizo hilo hata kidogo, tumeazima tatizo la wengine tukalileta wodini.

Na mimi nina deni katika jambo hili, sitalificha. Miaka mingi iliyopita, katika kituo nilichokuwa nafanyia kazi, alikuja mama mjamzito wa miezi minane kutoka kijiji cha mbali, mimba yake ya pili. Presha ilikuwa 140 kwa 90, mkojo una protini kidogo. Siku ile foleni ilikuwa ndefu hadi chini ya mbuyu. Nilimwambia arudi baada ya siku tatu, na akiona dalili za hatari aje mara moja. Akaitika, "Ndiyo, Sista." Nikaandika kwenye kadi, nikamwita mwingine.

Siku ya tatu hakuja. Siku ya nne aliletwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, anadegedeka, ulimi ameung'ata. Mama yake mzazi alinisimulia baadaye: tangu juzi yake kichwa kilikuwa kinampasuka na macho yanaona ukungu, wakasema ni jua la shambani, maana walikuwa kwenye palizi. Alipoanza kukakamaa wakasema ni kifafa, na kifafa kule kwao hakipelekwi hospitali, kina watu wake. Nusu siku ilipotelea kwa mganga. Tulimchoma sindano za magneziamu salfeti, ambayo ndiyo dawa yake, tukamzalisha. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Nimeufikiria usiku ule mara nyingi. "Dalili za hatari" nilizomtajia, kwake yeye zilikuwa damu. Damu haikutoka, kwa hiyo hakuona hatari. Sikumwambia kwamba kichwa kinachouma kisiache, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba, hayo yenyewe ndiyo hatari. Na lile jina, kifafa cha mimba, nililisema maisha yangu yote ya kazi bila kumweleza mtu kwamba si kifafa kile wanachokijua wao. Kifafa cha mimba kinatokana na ile presha ya mimba, hakina mizimu, na kinahitaji hospitali saa hiyo hiyo. Ingenichukua dakika mbili. Foleni ya mbuyu ingesubiri.

Mifano mingine ni midogo, lakini inaeleza kwa nini akina mama wanatuitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Mama anaambiwa "damu yako ni nane", anarudi nyumbani anasema ana chupa nane za damu, mumewe anafurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi, kwamba nane ni upungufu, vidonge vyekundu vya kuongeza damu avimeze kila siku na asivimeze kwa chai, kwa sababu chai inazuia dawa isiingie mwilini, na ule udongo wa pemba anaoununua gengeni hauongezi damu. Mwingine yuko leba, analia, anaambiwa "bado, njia ni nne". Nne za nini? Anadhani ni saa nne, anaanza kuhesabu. Kumbe ni sentimita nne ambazo mlango wa kizazi umefunguka, na ukifika kumi ndipo mtoto apite. Nimeona wanawake waliochoka kabisa wakitulia kwa kuambiwa hivyo tu na kuonyeshwa kwa vidole ukubwa wake.

Neno "rufaa" nalo linatisha kuliko linavyostahili. Vijijini wanasema akipewa rufaa huyo ndiyo basi, ndugu wanaanza kuchangishana nauli ya kuleta maiti. Tunapaswa kumwambia mama sababu kwa jina lake: mtoto ametanguliza makalio, au nyonga yako haitoshi kwa mtoto huyu, na ukikaa hapa utapata uchungu pingamizi, mtoto atakwama, na unaweza ukabaki na ugonjwa wa kuvuja mkojo maisha yako yote. Kule kuna chumba cha upasuaji, hapa hakuna. Siku hizi kuna mpango wa m-mama, kituo au familia inapiga 115 bila malipo na gari linatafutwa. Mama akijua anakokwenda na sababu, hakimbilii kwa mkunga wa jadi usiku.

Sisemi haya kwa kudharau kazi inayofanyika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Akina mama wanaojifungulia kwenye vituo wamefika 81 kwa kila mia. Mimi niliyezalisha kwa taa ya chemli nazijua hizo namba zina jasho la nani. Lakini ndiyo maana suala hili limekuwa zito sasa kuliko zamani. Wanawake wametuamini, wamekuja kwetu, na kila anayekuja anarudi nyumbani na karatasi. Na nyumbani siku hizi kuna simu yenye kamusi.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza kinatumika ili daktari wa hospitali nyingine aelewe. Sawa, kiandikwe, daktari naye apate haki yake. Ninachoomba ni mstari mmoja wa Kiswahili chini yake: "Mimba iliharibika yenyewe. Mabaki yameondolewa." Wizara ikipitia fomu za kuruhusiwa mgonjwa, iweke nafasi ya mstari huo. Vyuo vya uuguzi vimfundishe mwanafunzi kuueleza ugonjwa kwa maneno ambayo mama yake mwenyewe angeyaelewa, na vimpe alama kwa hilo kama anavyopewa alama kwa kusoma presha. Na yule muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na wazazi saba, ninayemjua kwa sababu nilikuwa yeye, simwombi hotuba. Namwomba amuulize mama swali moja kabla hajatoka mlangoni: "Ukifika nyumbani, mumeo akikuuliza una nini, utamjibuje?" Hapo atajua kama ameeleweka. Na kama mume yuko nje ya wodi, aitwe asikie mwenyewe.

Binti niliyemtaja ameniruhusu kuandika haya ilimradi nisimtaje jina. Vikao vilikuwa vitatu. Alikaa kwa mama yake wiki sita, na mumewe alikwenda kumchukua mwenyewe, kwa mguu, siku ya Jumapili. Shemeji yake aliniomba radhi mimi, nikamwambia si mimi wa kuombwa.

Kabla hajaondoka kwa mama yake alipita kwangu na daftari la kaunta. Akasema, "Niandikie na wewe, Sista, kwa Kiswahili, na uweke sahihi." Nikaandika: mimba ya miezi mitatu iliharibika yenyewe, hospitali walimsafisha kizazi ili kumwokoa, anaweza kushika mimba tena. Akausoma mara mbili kwa sauti. Kisha akanirudishia kalamu, akaomba niongeze tarehe.

Mkunga mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa