Gharama ya vumbi la makaa isiwe ya dereva

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze hali ya madereva wa malori yanayoleta makaa ya mawe katika Bandari ya Mtwara kutoka Ruvuma, pamoja na matingo wao, ambao ndio hasa hawana wa kuwasemea.

Dereva anayelipwa kwa safari halipwi kwa kukaa foleni. Meli ikichelewa, au msimu wa korosho ukikutana na makaa, hulala chini ya tela na kujinunulia chakula na maji, huku akivuta vumbi jeusi na moshi wa dizeli, ambao tangu mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanautambua kuwa husababisha ugonjwa huo.

Wapo wanaotaka malori chakavu yapigwe marufuku. Nakubali, lakini kwa sharti. Bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani, zilipoanza kuyaondoa mwaka 2008, madereva wengi, kwa kuwa walihesabiwa kuwa wamejiajiri, walijikuta wakikatwa mapato yao ili kulipia malori mapya. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye alipe, na mchafuzi hapa ni mwenye mzigo na mwenye lori, si aliyeshika usukani.

Kwa kuanzia, wamiliki walipe posho ya siku za kusubiri na kugharimia vipimo vya mapafu, na wahusika wa bandari watenge maegesho yenye vyoo na maji.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara