Mwanangu, gemu yako nimeicheza

Marahaba mama, salamu zako zimefika. Gemu yako ya hesabu nimeicheza mpaka simu ikaisha chaji, na mdogo wako kaicheza pia. Michoro safi na kale kasungura kanachekesha kweli. Ila mi baba yako sijui kupaka mafuta maneno: yule mtoto hachezi hesabu, anaivumilia hesabu ili sungura aruke mto. Swali linakuja, 7 mara 8, majibu manne, yeye anabonyeza moja baada ya jingine hadi likubali, maana akikosea hapotezi kitu. Usimlaumu, kaona njia ya mkato kaifuata, sheria ndo mbovu.

Sasa we umekulia kwenye baraza la bao halafu unaenda kutafuta mifano huko mbali. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na hakuna hata sehemu moja linakuuliza saba jumlisha tano ni ngapi. Lakini usipohesabu unaliwa, basi! Unatazama hizi kete nikizila, nikianza kuzitawanya kutoka kichwa cha kushoto, yaani shimo la pembeni la mstari wa mbele, ya mwisho inaangukia wapi, na kama shimo lina kete naendelea au nakula tena, na yeye hapo atanijibu nini, yote hayo kichwani na watu wamekuzunguka wanakucheka. Na kete ikiliwa haitoki ubaoni, inahamia upande wa mlaji, ndo maana mtu anaweza kuonekana kaisha akageuza bao zima kwa zamu moja.

Halafu ile nyumba, lile shimo lako maalumu la kurundika kete. Uko kwenye namua, yaani bado unaingiza kete za mkononi, unakula, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, una hiari: ulale zamu iishe, au usafiri, uzibebe zote uzitawanye na nyumba ndo imekwenda. Hapo ndo nimeona wazee wazima wanakuna kichwa dakika nzima. Gemu yako haina sehemu kama hiyo, sehemu ya mtu kuamua na kuumia kwa uamuzi wake.

Kuna mwanafalsafa aliyefundisha Canada, Bernard Suits, mwaka 1978 alieleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kweli, mpira si ungebebwa tu kwa mkono ukawekwa golini? Sasa kizuizi chako wewe mtoto hajakikubali, ni ushuru wa kuvukia mto. (Na mwalimu akisema chezeni wote, kuna mtihani, hiyo hiari ishakufa.)

Tena uwe makini sheria zinafundisha nini. Elizabeth Magie, mama wa Kimarekani, alipata hataza ya gemu yake mwaka 1904, alitaka watu waone jinsi kodi ya pango anayotoza mwenye ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafilisi wengine, akaweka na kanuni za namna ya pili ambapo utajiri unawafaidi wote. Watu wakaipenda ile ya kufilisiana! Mwaka 1935 ikauzwa na Parker Brothers kama Monopoly, jina la mbele likawa la Charles Darrow aliyejitangaza ndo mbunifu, na huyo mama akalipwa dola 500. Somo lake likageuka kichwa chini, maana utamu ulikuwa upande ule mwingine.

Kwahiyo mi ningefanya hivi, toa maswali yote. Mto una upana wa mita 56, mpe mbao za mita 7, za 6, za 9, achague aina moja na idadi kabla hajaanza kuunga, zikipungua sungura anaangukia majini na mtoto anaona zimebaki mita ngapi, zikizidi mbao zinapotea na mto wa mbele atazihitaji. Jaribu ukiwa na karatasi na vifuniko vya soda kabla hujaandika programu ya kompyuta.

Ukimaliza nitumie, ila usiijaze mapicha, simu yangu ni ileile. Mama yako anasalimia, anauliza lile gunia la mchele ulishachukua stendi au bado.