Kikao cha wazazi kiwekwe mbalamwezi

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua na mie niseme langu, maana kila siku naona watu wanaandika wazazi wa uswahilini hatujali shule, na wengi wao nahisi hawajawahi kuanika dagaa hata ndoo moja.

Mi nauza dagaa hapa Mwanza, mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nakaa Igogo, baba watoto anavua huko visiwani Ukerewe. Kwa asiyejua, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwaiyo mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika na wanaume wanarudi nyumbani siku kadhaa, ndo mbalamwezi hiyo. Likiingia giza wanaondoka tena, na sie wanawake ndo mzigo unashuka, saa tisa usiku uko mwaloni. Sasa shule wanayosoma wanangu mwaka jana iliita kikao cha wazazi mara tatu, zote tatu giza, zote tatu saa nne asubuhi jua la kuanikia ndo limekolea. Alafu mwalimu anasimama mbele ya viti vitupu anasema wazazi wa huku hawana mwamko.

Na tukienda tunaambiwa nini? Mchango wa uji, mchango wa mlinzi. Ada ilifutwa toka 2016, na 2022 ikafutwa mpaka kidato cha sita, tunashukuru kweli, ila mzazi akishazoea kuitwa kwa hela tu au kwa sababu mtoto kavunja kioo basi akiona karatasi ya wito anajificha. Sijawahi kuitwa nikaambiwa mama, mwanao anasoma hivi, hebu kaa umsikilize.

Nimekuja kujua mwenyewe tena kwa bahati. Dogo wangu wa darasa la tatu alikuwa ananisomea kitabu, anatiririka kabisa, na mie nafurahi, kumbe macho yako kwenye picha ya mbuzi. Nikaiziba picha kwa kiganja nikamwambia rudia. Kimya. Nikamwekea kidole kwenye neno moja tu, "kamba", akanijibu "mbuzi". Alikuwa kakariri kitabu kizima kama wimbo! Na huyo kapita la pili, ambako Baraza la Mitihani linapima kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wake simlaumu sana, darasani wako zaidi ya mia, atamsikiliza yupi amwache yupi.

Hela ya kununua vitabu sina. Nina daftari la madeni, nani kachukua ndoo ngapi, kalipa shingapi, bado shingapi, na makaratasi ya mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa (hayo nitakuandikia siku nyingine, yanahitaji barua yake). Basi kila jioni nikishakusanya dagaa dogo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ananisomea wadaiwa. Anapenda huyo! Ni watu anaowajua, akifika kwa jirani yetu mmoja anacheka mpaka anashindwa kuendelea. Akikwama tunakata neno vipande vipande anaunga. Ilichukua kama miezi mitatu na saizi ananisahihisha mimi, eti mama umeandika "nuhsu". Baba yake aliachia la nne, madaftari alikuwa anayakwepa, ila mbalamwezi moja akasogea akasema nisomee na mie. Kusoma hajui vizuri lakini madeni anayajua yote kichwani, kwaiyo mtoto akianza kubuni anamkatisha, we acha uongo, rudia hapo.

Bibi yangu mzaa mama alisoma ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima. Mwaka 1968 UNESCO walileta mradi wa kisomo kanda hii ya ziwa, makao yake hapa hapa Mwanza, na vitabu vilikuwa vya pamba na uvuvi, vitu ambavyo watu wanavishika kila siku. Bibi alikuwa anasema walikaa chini ya mwembe jioni, wakishatoka shamba. Yani wale walijua mkulima anapatikana saa ngapi, leo tuna simu mpaka magrupu ya WhatsApp ya darasa na bado hatujui mvuvi anarudi lini.

Ninachoomba ni kidogo, walimu wakuu wa huku pembeni ya ziwa wakae na wenyeviti wa mitaa na wa mialo, kikao kiwekwe mbalamwezi, saa kumi jioni, na robo saa ya kwanza kila mzazi akae na mwanae amsikilize anasoma, hata kama mzazi mwenyewe hajui a. Michango ije baadae, tutalipa tu.

Kikao kijacho nimeshaangalia kalenda, giza tena. Nitaenda mwenyewe, dagaa zangu nishaongea na jirani atanigeuzia.

Mama wa watoto wanne,
Igogo, Mwanza